Kuonwa si Kusemwa: Kamera ya Mgongoni na Dhana ya Nafsi ya Tatu

Istilahi za uhakiki zikiazimwa na watu wa fani nyingine pasipo masharti, aghalabu hurudi kwa wenyewe zikiwa zimechakaa. Ndilo lililoipata dhana ya nafsi ya tatu. Mnamo 2014 kundi la wabunifu wa Poland lilionyesha mtambo unaovaliwa kama mkoba: mlingoti unachomoza mgongoni na kupanda hadi juu ya kichwa, kamera 2 za GoPro zimefungwa kileleni, na picha zinazonaswa hupelekwa moja kwa moja katika miwani ya uhalisia pepe iliyoyaziba macho ya mvaaji. Mvaaji hatazami tena kwa macho yake. Anapopita njiani hujiona kwa nyuma, kuanzia kisogoni hadi visiginoni, mithili ya mtu anayejifuata mwenyewe. Baadaye zikaenea kamera ndogo zenye lenzi 2, zinazopiga picha za pande zote kwa mara moja, na hali hiyo ikawasogelea watu wa kawaida. Mwendesha baiskeli, mpanda mlima na mtalii hujibebea jicho lililo nyuma yao, na jioni wakajitazama jinsi walivyoishi mchana.

Vyombo hivi havingestahili kurasa za jarida la uhakiki laiti watumiaji wake wangetosheka na raha yao. Tatizo ni dai linaloandamana navyo, kwamba hatimaye mwanadamu anaweza kuyaishi maisha yake ya kila siku kwa nafsi ya tatu. Wapo wanafasihi ambao, badala ya kulipima dai hili, wamelikumbatia. Kwao, kamera ya mgongoni ni ushahidi kwamba msimulizi-maizi wa riwaya amepata mwili, au angalau betri. Makala haya yanalipinga dai hilo. Kamera ya mgongoni haina nafsi ya tatu hata chembe. Ni nafsi ya kwanza iliyorefushwa mkono, na mhakiki anayeiita vinginevyo anaitoa sadaka tofauti ambayo taaluma yake ipo ili kuilinda.

Inafaa kwanza kuifuata njia ambayo istilahi hii imepitia. Ilianza katika sarufi. Kutoka huko ikaingia katika nadharia ya usimulizi, ikawa jina la namna fulani ya kusimulia. Miaka ya 1990 waundaji wa michezo ya tarakilishi walihitaji maneno ya kutofautisha pembe 2 za kamera. Katika mchezo wa Doom wa 1993 mchezaji huona mkono na bunduki tu, kana kwamba yeye ndiye aliyeishika. Katika Tomb Raider wa 1996 humwona Lara Croft kwa nyuma, na kamera ya kubuni inamfuata kila aendako. Pembe ya kwanza ikaitwa nafsi ya kwanza, ya pili ikaitwa nafsi ya tatu. Kwa waundaji wa michezo majina hayo yalitosha, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini majina hayakubadilisha kinachotendeka. Katika mchezo wa Lara Croft hakuna mtu anayesimulia habari za Lara. Mchezaji anabonyeza, Lara anaruka. Mwenye shaka na awasikilize watoto katika vibanda vya michezo hiyo. Mhusika anapoanguka shimoni, mtoto hasemi 'amekufa'. Hupiga kelele: 'Nimekufa!' Mtoto huyo hajasoma naratolojia, na kiambishi alichokichagua ni sahihi kuliko istilahi ya waundaji.

Kiswahili chenyewe kina neno la kusema hapa. Kile ambacho sarufi za lugha nyingine hukiita kwa jina la mtu tu, sarufi ya Kiswahili hukiita nafsi, neno lile lile litajalo utu wa ndani na roho ya mtu. Nafsi ya tatu basi si pembe. Ni nafsi, na nafsi haiwi ya tatu ila pawepo nyingine 2 zinazozungumza. Wanasarufi wa Kiarabu waliliona jambo hili zamani: kwao nafsi ya kwanza ni msemaji, ya pili ni msemeshwa, na ya tatu ni ghaibu, yaani asiyekuwapo. Émile Benveniste aliutegemea uchambuzi wao katika makala yake ya 1946 kuhusu uhusiano wa nafsi katika kitenzi, akafikia hitimisho kwamba 'mimi' na 'wewe' ni watu wa mazungumzo ilhali 'yeye' yuko nje yake. Neno ghaibu limo katika Kiswahili, na msomaji hahitaji kufafanuliwa. Anayesemwa kwa nafsi ya tatu ni yule ambaye hayupo kujisemea. Mvaaji wa kamera yupo. Yupo mno: ndiye anayetembea, ndiye anayetazama, ndiye anayetazamwa, na ndiye atakayeamua jioni ni kipi kifutwe. Katika mkutano huo wa mtu mmoja, ghaibu hana pa kukaa.

Watetezi wa kamera hukimbilia sayansi, na hapa hawana budi kusikilizwa, kwani majaribio wanayoyataja ni ya kweli na ya kusisimua. La zamani zaidi halikuhitaji umeme. Mnamo 1899 mwanasaikolojia wa Marekani George Stratton alichapisha taarifa ya jaribio alilojifanyia mwenyewe. Alijifunga kiunzi chenye vioo, vikapangwa hivi kwamba macho yake yaliuona mwili wake kana kwamba yako juu ya kichwa. Alitembea nacho nje, akajitazama akitembea. Kadiri muda ulivyopita alianza kuhisi kwamba mwili wake uko kule anakouona, na nyakati nyingine kwamba akili yake iko nje ya mwili huo.

Miaka 108 baadaye, Agosti 2007, jarida la Science lilichapisha majaribio 2 kwa pamoja. Katika moja, Henrik Ehrsson, aliyelifanya London, alimkalisha mshiriki kitini akiwa amevishwa miwani iliyounganishwa na kamera 2 zilizowekwa nyuma yake. Mtafiti alimgusa mshiriki kifuani kwa kijiti, na wakati huo huo akakipeleka kijiti kingine mahali ambapo kifua kingekuwa, chini kidogo ya kamera. Mshiriki akahisi kwamba ameketi kule nyuma, zilipo kamera, akiutazama mgongo wa mtu mwingine. Mtafiti alipoipungia nyundo nafasi ile tupu chini ya kamera, ngozi ya mshiriki ilionyesha dalili za hofu. Katika jaribio la pili, Bigna Lenggenhager, Olaf Blanke na wenzao, huko Uswisi, walimgusa mshiriki mgongoni huku akiuona mgongo wake huo mbele yake ukiguswa. Safari hii nafsi ilikwenda upande wa pili: mshiriki alihisi kwamba yule aliye mbele ndiye yeye hasa. Alipofumbwa macho, akarudishwa nyuma na kuambiwa arejee aliposimama, alipapita mahali pake kuelekea kwenye ule mwili aliokuwa akiuona.

Majaribio haya yanathibitisha nini? Yanathibitisha kwamba hisia ya mtu ya mahali alipo inaweza kuhamishwa. Hayathibitishi kwamba nafsi ya kwanza imegeuka ya tatu. Yanathibitisha kinyume chake. Stratton alihisi kwamba yeye yuko nje. Mshiriki wa London alihisi kwamba yeye yuko nyuma, na wa Uswisi kwamba yeye yuko mbele. Popote nafsi ilipopelekwa, ilifika ikiwa 'mimi'. Hakuna hata mmoja aliyetoka katika maabara akiwa 'yeye' kwa nafsi yake. Kinachomfaa zaidi mhakiki katika taarifa hizi, wala hakitajwi na watetezi, ni kijiti. Miwani na kamera peke yake havikutosha. Mguso ulipopishana na picha, mazingaombwe yalivunjika. Ilibidi awepo mtu mwingine, mwenye mkono na nia, wa kugusa kwa wakati ufaao. Kamera ya mgongoni imemfukuza mtu huyo, kisha ikadai kuwa imeichukua nafasi yake.

Namna ilivyomfukuza inastahili kuangaliwa. Kamera ya lenzi 2 hufungwa kwenye ncha ya kijiti kirefu ambacho mtumiaji amekishika mkononi au amekifunga mgongoni. Kila lenzi huona nusu ya dunia na ziada kidogo, na programu huziunga nusu hizo. Kijiti, kwa kuwa ni chembamba na kimesimama kwenye mstari wa maungio, humezwa na mshono huo. Picha inatoka safi: mtu anashuka mlimani na jicho lisilobebwa na yeyote linaelea nyuma yake. Watengenezaji hujivunia kijiti hiki kisichoonekana, na kwa ufundi wana haki. Lakini mwanafunzi wa fasihi amefundishwa tangu mwaka wake wa kwanza kuuliza sauti isiyo na mwenyewe ni ya nani. Atauzaje swali hilo kwa bei ya mshono?

Hoja haiishii kwenye vifaa. Kutokana na mazoea haya, lugha ya kamera imeuvamia usomaji wa riwaya. Msimulizi wa nafsi ya tatu anaelezwa kama jicho lililopaa, linalosogea karibu na kurudi mbali. Gérard Genette aliionya taaluma mapema, katika Figures III ya 1972, kwamba swali la nani anaona si swali la nani anasema. Wengi wanamtaja, kisha wanalijibu swali la kwanza na kuliacha la pili. Mfano mdogo unatosha kuonyesha hasara yake. Mwandishi wa kubuni anaandika: 'Mwanaisha alisimama mlangoni. Nani angempokea sasa, na mvua hii?' Sentensi ya kwanza kamera inaweza kuidai: mwanamke, mlango, mgongo uliolowa. Ya pili haiwezi. Swali ni la nani? Kiambishi -m- katika 'angempokea' kinamweka Mwanaisha mbali, anasemwa na mwingine. Kionyeshi 'hii', pamoja na 'sasa', vinamleta msomaji chini ya mvua ile ile, ubavuni mwake. Sauti 2 zimekaa katika kauli moja pasipo kusukumana. Msimulizi amemkopesha Mwanaisha sarufi yake, na Mwanaisha amemkopesha msimulizi hofu yake. Hiyo ndiyo nafsi ya tatu katika kilele cha uwezo wake: mtu asiye Mwanaisha amejali kiasi cha kuuliza kwa niaba yake. Kamera hata ikiwekwa sentimita 2 kutoka shavuni haitauliza lolote.

Itasemwa kwamba wapo wasimulizi wasioingia moyoni mwa mhusika, wanaotaja matendo na maneno tu, kama katika baadhi ya hadithi fupi za Ernest Hemingway. Kweli wapo. Lakini hata msimulizi mkavu kuliko wote hulazimika kuchagua: aandike 'mwanamke', 'mke', 'mjane', 'mgeni' au 'bibi yule'? Kila neno ni msimamo mbele ya anayesemwa. Picha inaweza kuchagua pembe na mwanga, lakini haijawahi kulazimika kuchagua kati ya 'mjane' na 'mgeni'. Kamera za ulinzi zilizowekwa na serikali au wenye maduka ziko karibu zaidi na nafsi ya tatu kuliko hii ya mgongoni, kwa kuwa nyuma yake yupo mwingine anayetazama. Hata hizo hazisemi lolote mpaka askari aketi na kuandika taarifa, na hapo ndipo matatizo ya mtuhumiwa huanza.

Kuna utetezi mwingine, nao unajivika vazi la hekima ya wahenga. Nyani haoni kundule, wanasema. Sasa amepewa chombo cha kuliona, na kwa kujiona kwa nje mtu atajifunza unyenyekevu. Utetezi huu unaisoma methali kama somo la macho. Methali haimlaumu nyani kwa kukosa kioo. Inamlaumu kwa kuyacheka ya wenzake bila kufikiri juu ya yake, na dawa ya kosa hilo ni mwenziwe wa kumwambia. Hali kadhalika, watumiaji wa Kiswahili wamekwisha kutoa hukumu juu ya tendo hili katika kitenzi kimoja. Mtu 'anayejiona' si mnyenyekevu. Ni mwenye majivuno. Lugha ilikuwa na kitenzi cha kuona na kiambishi cha kujirejea, ikaviunganisha, ikapata jina la kiburi. Na kisogo je? Kumpa mtu kisogo ni kumpuuza. Mvaaji wa kamera ya mgongoni anaishi siku nzima akijipa kisogo.

Si kwamba fasihi ya Kiswahili haijui kujitazama kwa nje. Inajua sana, ila haikulifanya jambo hilo kwa kujigeuza picha. Mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kujihukumu aliugeukia moyo wake akausemesha kama mtu mwingine, akauonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Kwa kutaka umbali, alijitafutia msemeshwa. Shaaban Robert naye aliandika Maisha Yangu kwa nafsi ya kwanza na Wasifu wa Siti binti Saad kwa nafsi ya tatu, na hakuichanganya mizani. Yaliyompata mwenyewe aliyakiri kuwa yake. Ya Siti yalihitaji mtu mwingine ashike kalamu, na yeye akakubali dhima hiyo.

Nafsi ya tatu ina upande mwingine pia, usio wa huruma, ambao mshabiki wa kamera anaweza kuusahau lakini msomaji wa Kenya hawezi. Watu wa nchi hii walipata kuvishwa nafsi ya tatu miilini mwao. Kwa sheria ya kuandikisha wenyeji ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande. Humo mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, tarehe aliyoanza kazi na tarehe aliyoachishwa. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Kukosa kuwa nayo lilikuwa kosa la jinai, na kutotiwa saini na mwajiri wa awali kulimziba mtu njia ya kazi nyingine. Kipande kilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyowakusanya watu chini ya Harry Thuku mwaka wa 1921. Hapa palikuwa na maandishi yanayovaliwa, yanayomfuata mtu kila aendako, yanayomsema kwa 'yeye'. Aliyeyabeba hakuwa na ruhusa ya kuandika ndani yake hata neno moja. Wengi hawakuweza kuyasoma. Alikuwapo kwa mwili, kikebe kikagonga kifua chake kila hatua, lakini katika karatasi ile alikuwa ghaibu kamili. Mtu wa namna hiyo angeelezwa kwamba zama zijazo watu watanunua kwa fedha zao chombo cha kuwageuza nafsi ya tatu, angeuliza kwanza nani anaandika, na kama kinaweza kuvuliwa.

Jibu analijua kila mtumiaji. Kinavuliwa jioni. Kipande cha picha kilichomfanya aonekane mnene kinafutwa, kilichobaki kinaonyeshwa marafiki. Aliyewahi kusemwa kwa lazima hakuwa na hiari hiyo, na mhakiki anayezitia hali hizi 2 katika istilahi moja hana njia ya kueleza kwa nini moja ilizua maandamano na nyingine huuzwa madukani.

Mambo haya yana athari za papo hapo katika kazi ya idara. Tasnifu inapoandika kwamba katika Utengano 'kamera ya msimulizi inamfuata Maimuna', mtahini ana haki ya kuirudisha. Nyumbani kwa Maksuudi Maimuna alikuwa tayari na wa kumfuata kwa macho, tena amefungiwa ndani ili asionwe na wengine. Alichokosa katika nyumba ile ni mtu wa kumsema kwa haki, na Said Ahmed Mohamed alimpa msimulizi. Mwanafunzi aonyeshe ni katika sentensi ipi msimulizi huyo anasimama na Maimuna, ni katika ipi anamwacha peke yake, na ni kwa neno gani anamhukumu baba yake. Neno kamera likibaki baada ya kazi hiyo, basi mwanafunzi aongeze sentensi moja ya kumtaja aliyeibeba.